Si Kila Betri Itoshayo Ndiyo Ifaayo

Siku moja katika kipindi cha maabara, mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili aliniletea mizani ndogo ya kielektroniki huku uso ukiwa umemsawijika. Mizani hiyo, ambayo darasa zima liliitegemea kupimia chumvi na unga wa majaribio, ilikuwa imezimika. Alisema kwamba kioo chake kilionyesha tarakimu mara moja tu, kisha zikatoweka na hazikurudi tena. Nilipofungua kifuniko cha nyuma, nilikuta betri mbili nyembamba zilizopandana kama sarafu, mahali ambapo palistahili kuwa na moja nene.

Nilimkaripia kwa ukali mbele ya wenzake. Nilimwita mharibifu wa mali ya shule. Naye, kwa sauti ya chini lakini isiyo na ufidhuli hata chembe, akaniuliza swali ambalo hadi leo limekataa kunitoka akilini: "Lakini mwalimu, 1.6 na 1.6 si ni 3.2?"

Mwanafunzi huyo hakukosea hesabu. Betri iliyohitajika ilikuwa CR2032, ambayo unene wake ni milimita 3.2. Aliikosa dukani. Duka lilikuwa na CR2016, ambazo unene wake ni milimita 1.6. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kuzisoma namba hizo. Alizing'amua mwenyewe kwa kuzilinganisha na rula. Akatoa pesa zake mfukoni, akanunua mbili, akazipandanisha, nazo zikakaa katika kishimo chake kana kwamba zilizaliwa humo. Jumla ilitimia barabara. Kilichokufa ni mizani.

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba hasira ni hasara. Hasara yangu siku ile haikuwa mizani pekee, bali fursa ya kufundisha ambayo niliiacha ipite. Nayaandika makala haya ili nimpe mwanafunzi yule, na wengine wengi walio kama yeye, jibu ambalo nilipaswa kumpa papo hapo.

Betri hizi bapa zenye umbo la sarafu, ambazo wengi wetu huziita betri za saa hata zinapotumika mahali pasipo na saa, zimeingia katika maisha yetu kimyakimya. Zimo katika saa za mkononi, katika vikokotoo vya wanafunzi, katika vipimajoto vya zahanati na katika funguo za magari. Kompyuta ya shule nayo huwa na moja kwenye ubao mama, nayo kazi yake ni kuiwezesha kompyuta kukumbuka tarehe na saa hata umeme unapokatika. Ikifa, kompyuta hurudi miaka mingi nyuma kila inapowashwa, na kurasa nyingi za intaneti hukataa kufunguka kwa kuwa tarehe haipatani na ukweli. Nyanya anayeugua kisukari huenda anaitegemea betri ya aina hii katika kifaa cha kupimia damu yake. Kwa hivyo, jambo hili ni dogo kwa umbo tu.

Hata hivyo, tazama jinsi tunavyozinunua. Mtu huenda kwa muuzaji akiwa na betri iliyokufa kiganjani. Muuzaji huitupia jicho, hupekua kisanduku chake, hutoa inayofanana nayo na kusema, "Hii itaingia tu." Neno hilo moja, "itaingia," limezima vifaa vingi kuliko mvua na vumbi tunavyovilaumu. Kuingia ni jambo moja na kufaa ni jingine. Mguu wa kushoto waweza kuingia katika kiatu cha kulia, lakini mwenye kiatu atachechemea.

Je, mtu atajuaje kinachofaa? Jibu limeandikwa kwenye betri yenyewe, upande ule mpana wenye alama ya kujumlisha. Tatizo ni kwamba tunayatazama maandishi hayo kama mapambo. Yale si mapambo, bali ni jina, na jina hilo lina maana yake kama lilivyo jina la mtu lenye ukoo na mlango wake. Utaratibu wa kuyaunda majina hayo umewekwa na Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1906, na ndiyo maana betri iliyotengenezwa Japani na iliyotengenezwa Uchina zaweza kubeba jina moja na kutoshea kifaa kimoja.

Tuanze na herufi. Herufi ya kwanza hutaja kemikali zilizomo ndani, na kemikali ndizo zinazoamua nguvu ya msukumo wa umeme, yaani volti. Herufi C ni ya betri ya lithiamu na oksidi ya manganizi, nayo hutoa volti 3. Herufi L ni ya betri ya alkali, nayo hutoa volti 1.5. Herufi S ni ya betri ya oksidi ya fedha, nayo hutoa volti 1.55. Herufi P ni ya betri ya zinki ivutayo hewa, nayo hutoa takribani volti 1.4. Herufi R inayofuata huarifu tu kwamba betri ni ya mviringo.

Kisha zinafuata tarakimu. Katika betri za lithiamu, tarakimu mbili za kwanza hutaja kipenyo kwa milimita, na mbili za mwisho hutaja unene kwa sehemu za kumi za milimita. Kwa hivyo CR2032 ni betri ya lithiamu, ya mviringo, yenye kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2025 ina kipenyo hicho hicho lakini unene wake ni milimita 2.5. CR2016 nayo ni ya milimita 1.6. Vivyo hivyo, CR1620 ina kipenyo cha milimita 16 na unene wa milimita 2. Mwanafunzi wa darasa la saba aweza kuyajua haya kwa dakika tano, na akishayajua hatayasahau.

Sasa tuwatazame ndugu hawa watatu, 2016, 2025 na 2032, kwani hao ndio wanaobadilishwa sana. Wote ni wa volti 3. Wote wana upana mmoja. Kinachowatofautisha ni unene, na unene ndio ghala la betri. CR2032 huwa na akiba ya takribani miliampia 220 kwa saa moja. CR2025 huwa na takribani 160. CR2016 huwa na takribani 90. Mfano wa mitungi ya maji utatusaidia hapa. Volti ni kimo ambacho mtungi umewekwa, na kimo hicho ndicho kinachoyapa maji msukumo. Akiba ni wingi wa maji yaliyomo mtungini. Ndugu hawa watatu ni mitungi mitatu iliyowekwa kwenye rafu moja, mmoja mkubwa, mmoja wa wastani na mmoja mdogo. Maji hutoka kwa msukumo ule ule, ila mtungi mdogo huisha mapema.

Tukipiga hesabu, kifaa ambacho CR2032 hukiendesha kwa miezi 36 kitaendeshwa na CR2025 kwa takribani miezi 26, na CR2016 kwa takribani miezi 15. Hapa basi pana ruhusa. Kama CR2032 haipatikani na kuna dharura, CR2025 yaweza kushika nafasi yake bila kukidhuru kifaa, kwa sharti kwamba inagusana vyema na vyuma vya pande zote mbili. Lakini ni milimita 0.7 nyembamba zaidi, na katika kishimo kilichochongwa kwa ajili ya CR2032, upungufu huo waweza kuifanya ilegee. Kifaa huwaka kikilazwa na kuzima kikiinuliwa, na mwenyewe hudhani kina mashetani.

Wapo wanaoziba pengo hilo kwa karatasi ile ing'aayo ya pakiti ya sigara. Ni ujanja wa zamani, nami sitawacheka wanaoutumia, kwa kuwa shida huzaa maarifa. Hata hivyo, ni lazima ieleweke kwamba gamba la betri hizi, yaani ule upande mpana pamoja na ukingo wote wa pembeni, ni ncha chanya. Ni ule uso mdogo wa upande wa pili tu ulio ncha hasi, na baina yake na ukingo pana nafasi nyembamba mno. Karatasi hiyo ikijikunja kidogo na kuziunganisha ncha hizo mbili, umeme utapita njia ya mkato, betri itapata joto na kuisha bila kufanya kazi yoyote. Anayetumia ujanja huu na autumie upande mpana pekee, tena kwa kipande kidogo kisichofika ukingoni.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. CR2032 ikilazimishwa katika nafasi ya CR2025, ule unene wa ziada hupinda vyuma vya kifaa, na vyuma vikishapinda, hata betri sahihi ikija baadaye haitashikwa. Aidha, kifuniko hakifungi, na mwenye kifaa hukifunga kwa mpira au gundi. Nitakirudia kifuniko hicho baadaye, kwa sababu kina habari ya kusikitisha.

Turudi kwa mwanafunzi wangu na betri zake mbili. Mnamo mwaka wa 1800, mwanasayansi wa Italia aliyeitwa Alessandro Volta aliiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London barua iliyoeleza uvumbuzi wake. Alikuwa amechukua visahani vya metali mbili tofauti, mathalani zinki na fedha, akavipandanisha viwili viwili, na kati ya kila jozi na jozi akaweka kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Kila alipoongeza jozi, msukumo wa umeme uliongezeka. Huo mnara wa visahani ndio mama wa betri zote, na jina la Volta ndilo tunalolitaja kila tusemapo "volti".

Mwanafunzi wangu alikuwa amejenga mnara wa Volta bila kujua. Betri mbili zikipandana, chanya ya moja ikigusa hasi ya nyingine, haziwi betri moja nene. Zinakuwa betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano, na katika mfuatano volti hujumlishwa. Milimita 1.6 na milimita 1.6 ni milimita 3.2, sawa kabisa. Lakini volti 3 na volti 3 ni volti 6. Mizani iliyoumbwa kwa volti 3 ilipewa mara mbili ya haki yake. Vipande vingi vya kielektroniki vya namna hiyo huwekewa kikomo cha volti 3.6 au hapo karibu. Akiba nayo haikuongezeka, bali ilibaki ile ile 90. Tukiurudia mfano wetu, mitungi miwili midogo haikuwekwa bega kwa bega ili maji yawe mengi. Uliwekwa mmoja juu ya mwingine, na maji yakaanguka kutoka kimo maradufu hadi yakapasua kikombe.

Kosa hili lina pacha wake. Vipo vifaa ambavyo viliundwa makusudi vitumie betri mbili zilizopandana, zikiwamo baadhi ya funguo za magari na taa ndogo za mkononi. Hivyo vinataka volti 6. Fundi akiona kwamba CR2016 mbili zimejaza kishimo, na akaamua kurahisisha kazi kwa kuweka CR2032 moja, betri itaingia vizuri sana, na kifaa kitanyamaza. Mwenye gari ataambiwa kwamba ufunguo umeharibika, na atanunua mwingine kwa maelfu ya shilingi, kumbe alihitaji betri mbili za bei nafuu.

Lakini wewe mwalimu usije ukahitimisha kwamba kupandanisha betri ni haramu siku zote. Ipo betri ya lithiamu iitwayo CR1/3N, ambayo hutumika katika baadhi ya kamera. Kipenyo chake ni milimita 11.6, urefu wake milimita 10.8, na volti zake ni 3. Sasa chukua LR44 mbili, zile tunazozijua kutokana na vikokotoo. Kila moja ina kipenyo cha milimita 11.6, unene wa milimita 5.4 na volti 1.5. Zipandanishe. Milimita 5.4 na 5.4 ni 10.8. Volti 1.5 na 1.5 ni 3. Hapa hesabu zote mbili zimekubaliana, ya rula na ya umeme, na ndiyo maana kwa kazi nyingi LR44 mbili zaweza kushika nafasi ya CR1/3N moja. Hilo ndilo swali ambalo ningependa kuliona ubaoni: kwa nini kupandanisha kunafaa hapa, na kule kukaua mizani? Mwanafunzi atakayelijibu ameielewa mada ya mfuatano kuliko aliyekariri ufafanuzi wake mara kumi.

Hebu tuiangalie LR44 yenyewe, maana nayo ina mtego wake. Tarakimu 44 hazitaji kipenyo wala unene. Ni namba ya orodha tu. Isitoshe, betri hiyo hiyo huuzwa kwa majina mengine kama vile AG13 na A76. Mtego wenyewe ni kwamba wapo ndugu wawili wanaolingana nayo kwa umbo lakini wasiolingana nayo kwa tabia. SR44, ambayo pia huitwa 357, ina kipenyo na unene ule ule, ila ndani yake mna oksidi ya fedha. PR44 nayo ina umbo hilo hilo, na imetengenezwa kwa ajili ya visaidizi vya kusikia.

Ukiziweka tatu hizi mezani huku zimefichwa majina, macho yatadanganyika. Lakini LR44 huanza na volti 1.5, kisha msukumo wake hupungua polepole kadiri inavyotumika. SR44 hushikilia volti zake karibu bila kutikisika hadi inapokaribia kwisha, na hapo huporomoka ghafla. PR44 ina vitundu vilivyozibwa kwa kibandiko. Kibandiko kikishabanduliwa, huvuta hewa ili kuzalisha umeme, na katika muda wa wiki chache huwa imekwisha, hata kama kifaa hakikutumika. Anayeweka PR44 katika kikokotoo ataona kinafanya kazi leo, ashangilie, kisha kimsaliti mwezi ujao, pengine asubuhi ya mtihani wa Hisabati.

Kwa kikokotoo, LR44 yatosha, na SR44 yaweza kushika nafasi yake na kudumu zaidi, ingawa bei yake ni ya juu. Kwa chombo cha kupimia kinachohitaji volti zisizobadilika, SR44 ndiyo bora, na kumpa LR44 mahali pake ni kukubali kwamba kitaanza kulegea mapema. Ukoo umoja wa umbo si ukoo wa damu.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka kwa wapiga picha. Kamera nyingi za filamu za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na kipimamwanga kilichotumia betri ya zebaki ya volti 1.35. Betri hiyo ilisifika kwa kutoyumba. Lakini zebaki ni sumu. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa betri ndogo za oksidi ya zebaki mwaka wa 1996, na mwaka wa 2013 mataifa yakaafikiana juu ya Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao wakazi wake waliangamizwa na zebaki iliyomwagwa baharini. Betri zile zikatoweka madukani, nazo kamera zikabaki.

Badala yake ikapatikana betri ya alkali yenye umbo lile lile. Iliingia katika kamera bila shida yoyote. Lakini ilitoa volti 1.5, tena zenye kushuka kila siku, na katika kamera ambazo hazikuwa na njia ya kuzirekebisha volti, kipimamwanga kilianza kusema uongo. Kamera haikuzima wala haikulalamika. Ilitoa picha zenye kasoro, na mpiga picha akaulaumu mkono wake. Waliokuwa na maarifa walifanya jambo la kushangaza: walichukua betri ya zinki ya visaidizi vya kusikia, ambayo ni ndogo mno kwa kishimo hicho, wakaizungushia pete ili isicheze, na kipimamwanga kikarudi kusema kweli, kwa kuwa volti zake zilikaribiana na zile za zebaki. Tafakari hapo, msomaji. Iliyotosha haikufaa, na ambayo haikutosha ndiyo iliyofaa.

Ipo hatari moja zaidi ya majina. Siku hizi huuzwa betri ziitwazo LIR2032, ambazo huweza kuchajiwa upya. Umbo lake ni la CR2032, na herufi chache tu ndizo zinazozitofautisha. Lakini betri hii ina volti 3.6, na inapokuwa imejaa hufikia 4.2. Kifaa cha volti 3 chaweza kuungua kwayo. Akiba yake nayo ni takribani miliampia 40 kwa saa, yaani haifiki hata robo ya ile ya CR2032. Na ole wake anayejaribu kuichaji CR2032 ya kawaida akidhani ni ndugu yake. Betri hiyo haikuumbwa kwa hilo, na yaweza kupasuka.

Sasa nikirudie kile kifuniko kisichofungika. Betri ya lithiamu ya milimita 20 ikimezwa na mtoto mdogo, yaweza kukwama kooni. Umajimaji wa mwili huunganisha ncha zake, umeme hupita, na penye ncha hasi huzalishwa kemikali kali ya alkali ambayo huichoma nyama. Katika muda wa saa mbili tu, kidonda chaweza kuwa kikubwa mno. Hata betri iliyochoka isiyoweza kuendesha kifaa huwa na nguvu ya kutosha kumchoma mtoto. Huko Marekani, kifo cha mtoto wa miezi 18 kiliwafanya watunga sheria wapitishe, mwaka wa 2022, sheria inayolazimu vishimo vya betri hizi vifungwe kwa namna ambayo mtoto hawezi kuvifungua. Sheria kama hiyo haina maana nyumbani ambako betri nene imelazimishwa katika nafasi ya nyembamba na kifuniko kikaachwa wazi. Mtoto akishukiwa kuimeza, asitapishwe. Akimbizwe hospitalini bila kusubiri dalili.

Najua nitaambiwa kwamba haya ni maneno ya mtu aliye karibu na maduka ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, ambako kila aina ya betri hupatikana. Nitaulizwa, mwanafunzi aliye mbali na mji, ambaye duka la karibu lina aina mbili tu za betri, afanye nini? Je, aache kikokotoo kilale hadi likizo? Hoja hiyo ni nzito, na siipuuzi. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Nami nimeshanyolewa kwa kupoteza mizani ambayo shule haikuweza kuibadilisha muhula ule. Ni kwa sababu hiyo nasema kwamba asiye na chaguo nyingi ndiye anayehitaji maarifa haya zaidi. Tajiri akikosea atanunua kifaa kingine. Maskini akikosea, amekosa.

Simkatazi mtu kubadilisha betri. Ninachomwomba ni ajiulize maswali matatu kabla ya kufanya hivyo. Kwanza, je, volti ni zile zile? Hapo aitazame herufi ya kwanza, wala si umbo. Pili, je, idadi ya betri ni ile ile iliyokuwamo? Zilizokuwa mbili zibaki mbili, na iliyokuwa moja ibaki moja, isipokuwa pale ambapo amejumlisha volti na kuona zinalingana. Tatu, je, betri inakaa bila kulazimishwa, inagusa pande zote mbili, na kifuniko kinafungika? Majibu yote matatu yakiwa ndiyo, na aibadilishe, akijua kwamba nyembamba itakwisha mapema. Jibu moja likiwa la, na asubiri.

Na sisi walimu tujisaili pia. Tumezoea kuichora betri ubaoni kwa mistari miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, tukaandika "seli" pembeni yake, na kudhani tumefundisha. Mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutekelezwa nchini mwaka wa 2019, unatutaka tumpe mwanafunzi uwezo wa kutenda. Betri zilizokwisha hazigharimu chochote. Mwalimu aweza kuziomba kwa fundi wa saa, akazifunga mezani kwa utepe wa gundi mbali na watoto wadogo, na kuwataka wanafunzi wayasome majina, wapime kipenyo na unene, wazipange kwa koo zake, na waseme ipi yaweza kushika nafasi ya ipi na kwa nini. Kipindi kimoja chatosha. Somo lenyewe litagusa hesabu, fizikia, kemia na hata lugha.

Mwanafunzi yule alihitimu na kuondoka kabla sijapata ujasiri wa kumwomba radhi. Laiti ningalikuwa na kipindi kile tena, ningalimwambia hivi: "Umesoma namba ambazo wakubwa wako hawazisomi. Umepima, umejumlisha, na jumla yako ni sahihi. Lakini kifaa hiki kina hesabu mbili, nawe umefanya moja. Njoo tuifanye ya pili." Kisha ningalimpa alama zake kwa ile ya kwanza.